Namna ya Kulitweka Tanga Jahazi Dogo la Mbao

Katika siku ya wazazi ya muhula uliopita chama chetu cha kazi za mikono kiliweka mezani jahazi la mbao lenye urefu wa sentimita 60. Wanafunzi wa chama walikuwa wamelishughulikia kwa miezi mitatu, kila Alhamisi baada ya masomo. Tanga lilikuwa limejaa, bendera ya Taifa ilikuwa juu ya mlingoti, na kamba zote zilikazwa kama nyuzi za zeze. Wazazi walilisifu sana, nami niliyewasimamia wanafunzi nikajiona nimefanya kazi kubwa.

Halafu akafika babu wa mwanafunzi mmoja, mzee wa hapa Ujiji ambaye ujanani mwake alikuwa baharia wa vyombo vya tanga ziwani. Wanafunzi wakamwamkia, "Shikamoo, Babu." Akaitika, "Marahaba, wajukuu zangu." Akainama, akalitazama jahazi kwa muda mrefu bila ya kuligusa, kisha akauliza: "Upepo unatoka wapi?"

Hakuna aliyejibu, wala mimi sikuwa na jibu. Mzee akatuonyesha kwa kidole. Bendera ilielekea nyuma, basi upepo watoka mbele. Tumbo la tanga lilitokeza kushoto, basi upepo watoka kulia. Foromali ilitundikwa upande wa kulia wa mlingoti, basi upepo watoka kushoto. "Wajukuu zangu," akasema, "mmefunga vizuri, lakini chombo chenu kina pepo tatu." Wanafunzi wakacheka, maana walidhani asema pepo wa kupungwa kwa ngoma. Mzee hakucheka. Akasema, "Chombo cha namna hii hakifiki ng'ambo."

Siku ya pili tulizifungua kamba zote tukaanza upya. Haya ninayoyaandika ndiyo tuliyojifunza, ili mwanafunzi mwingine apendaye kazi hii asipoteze miezi mitatu kama sisi.

Jahazi na mji wetu

Labda msomaji atauliza, kwa nini tukachagua jahazi, na hali siku hizi vyombo vingi vya ziwa huenda kwa injini? Jibu ni kwamba mji wetu na tanga ni marafiki wa zamani. Wafanyabiashara wa pwani walipofika Ujiji katika karne ya 19 walileta pamoja nao ujuzi wa kuunda na kuendesha vyombo vya pwani. Mwanzoni jahazi lilikuwa kitu adimu sana. Mwaka 1858, Burton na Speke walipokuwa Ujiji, Speke alivuka ziwa kwa mtumbwi mpaka kisiwa cha Kasenge, kwenda kuliomba jahazi la Sheikh Hamed bin Sulayyim. Alirudi bila ya kulipata. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1878, alifika Ujiji Edward Hore, mtu aliyesomea unahodha, naye akasafiri huku na huku ziwani kwa chombo cha tanga akiuchunguza mwambao wake. Kisha ukaja wakati wa moshi. Mwaka 1915 meli ya Goetzen ilishushwa majini hapo Kigoma, nayo ndiyo tunayoijua kwa jina la Liemba.

Tanga likipungua ziwani, na maneno yake hupungua midomoni. Katika wanafunzi wote wa chama chetu, hakuna hata mmoja aliyejua demani ni nini. Hiyo ndiyo hasara ambayo jahazi dogo laweza kuizuia kidogo.

Amua upepo kwanza

Kabla ya kushika mkasi au uzi, chukua karatasi uchore jahazi kama linavyoonekana kutoka juu. Chora mshale wa upepo. Mshale huo usifutwe mpaka kazi iishe.

Sisi tulichagua safari ya kweli: jahazi latoka Ujiji kuelekea magharibi, wakati wa kiangazi. Tangu Mei hata Septemba upepo wa kusi hushika nguvu katika ziwa letu. Mtu aelekeaye magharibi huwa na kusini mkononi mwake wa kushoto. Basi upepo wetu waupiga ubavu wa kushoto wa jahazi, kidogo kutoka nyuma.

Upande unaopigwa na upepo mabaharia huuita upande wa joshi, na upande wa pili huuita upande wa demani. Yashike sana maneno haya mawili. Ndiyo maana wahenga walisema, "Dau la mnyonge haliendi joshi," yaani chombo kisicho na nguvu hakiwezi kupanda kuufuata upepo unakotoka. Katika jahazi letu joshi ni kushoto na demani ni kulia.

Mlingoti na foromali

Kwa kipimo chetu, sentimita 1 ya jahazi dogo ni sentimita 25 za jahazi kubwa. Kwa hiyo jahazi letu la sentimita 60 ni mfano wa chombo chenye urefu wa mita 15. Mtu wa kawaida katika kipimo hiki hafiki hata sentimita 7; mchonge mmoja umweke karibu na mlingoti, naye atakusaidia kuona kama kitu fulani ni kikubwa mno.

Mlingoti wetu una sentimita 42 tangu mkuku mpaka ncha. Usiusimamishe wima kabisa. Mlingoti wa jahazi huinama mbele kidogo. Chini yake chonga tundu juu ya mkuku, ili uzito wa tanga ushuke mpaka kwenye mti wenyewe wa chombo, usibebwe na mbao za juu.

Foromali ni ule mti mrefu unaolishikilia tanga kwa juu. Yetu ina sentimita 66, yaani ni ndefu kuliko jahazi lenyewe, na wanafunzi wengi hawaamini mpaka wapime. Foromali ya kweli mara nyingi huwa ni miti miwili au mitatu iliyounganishwa na kufungwa kwa kamba, nene katikati na nyembamba kwenye ncha. Tulitumia mwanzi uliopasuliwa, tukauunganisha kwa gundi na uzi. Faida yake ni kwamba mwanzi hupinda kidogo, kama foromali ya kweli inavyopinda tanga likijaa.

Foromali hutundikwa upande wa demani wa mlingoti. Hapo ndipo tulipokosea mara ya kwanza. Ikitundikwa upande wa joshi, upepo utalibandika tanga juu ya mlingoti, nalo litakatwa vipande viwili na kupoteza umbo lake. Kwa hiyo baharia akitaka kugeuza chombo na kuupokea upepo kwa ubavu wa pili, huisimamisha foromali wima na kulipitisha tanga mbele ya mlingoti mpaka upande mwingine. Ni kazi nzito na ya hatari.

Kukata na kushona tanga

Tanga la jahazi si la pembe tatu kamili. Pembe ya mbele imekatwa, ukabaki ukingo mfupi. Vipimo vya tanga letu ni hivi: ukingo wa juu, unaofungwa kwenye foromali, sentimita 62; ukingo mfupi wa mbele, sentimita 8; ukingo wa chini, sentimita 40; na ukingo wa nyuma, sentimita 52.

Chagua bafta nyepesi, iliyofuliwa ili isije ikaruka baadaye. Kitambaa kizito chaonekana kigumu kama turubai. Kichovye katika chai ya rangi kwa muda wa saa moja, nacho kitaacha weupe wa dukani na kufanana na tanga lililokwisha kunyeshewa. Mishono ya tanga la kweli hufuata ukingo wa nyuma. Si lazima kuunganisha vipande. Shona mistari ya uzi tu, ikiachana kwa sentimita 2 au 3. Kunja upindo kuzunguka kingo zote, na ndani ya upindo wa nyuma na wa chini upitishe waya mwembamba sana.

Namna ya kulijaza tanga upepo

Tanga likitundikwa hivi hivi litalegea kama nguo kwenye kamba. Wengine hulivuta kwa nyuzi za siri, na wengine hulitia gundi mpaka likawa kama bati. Sisi tulitumia wanga wa muhogo, nao hauna gharama.

Kwanza tengeneza kilima cha udongo wa mfinyanzi, kipana kuliko tanga, umbo lake kama mgongo wa mwiko mkubwa. Usikifanye duara kamili. Tumbo la tanga la kweli haliko katikati. Kina chake kikubwa kiko karibu na theluthi ya mbele, halafu huteremka taratibu kuelekea nyuma. Kwa tanga lenye upana wa sentimita 40, kina cha sentimita 4 chatosha. Wanafunzi wetu walitaka kina cha sentimita 10 ili upepo uonekane mkali, nalo tanga likawa kama kapu. Kumbuka kwamba tanga lenye tumbo kubwa mno halionyeshi nguvu, bali laonyesha kitambaa kilichochakaa.

Kilima kikikauka, kifunike kwa karatasi iliyopakwa nta. Pika uji mwepesi wa wanga, uuchuje, uchovye tanga, ulikamue kidogo, kisha ulitandaze juu ya kilima. Lilainishe kwa vidole kutoka katikati kwenda kingoni ili mikunjo itoke. Liache kivulini siku nzima. Jua kali hulikausha upande mmoja kabla ya mwingine. Kabla ya kulitandaza, tazama tena ule mshale wako, maana ukilipindua tanga, tumbo litaangukia upande wa joshi.

Kamba na kazi zake

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Kila kamba ina kazi, na kazi hiyo ndiyo inayoamua kama kamba ikazwe au ilegee.

1. Henza. Ni kamba nene kuliko zote. Hufungwa katikati ya foromali, hupita juu ya mlingoti na kushuka nyuma. Kama ya kweli ina unene wa milimita 50, yetu iwe ya milimita 2.

2. Jarari. Ni kamba nyembamba inayopita katika makapi mwishoni mwa henza; hiyo ndiyo mabaharia wanayoivuta wakati wa kutweka. Kapi moja linalotembea hupunguza nguvu inayotakiwa kwa nusu, lakini yakupasa kuvuta kamba mara mbili kwa urefu. Somo hili mmelisoma katika fizikia; jahazini mtaliona kwa macho. Jarari hufungwa nyuma ya mlingoti upande wa joshi, ili isaidie kuuzuia mlingoti usivunjikie mbele.

3. Joshi. Kamba hii huivuta pembe ya chini ya mbele ya tanga na kuifunga karibu na omo. Ikazwe sana.

4. Demani. Hufungwa kwenye pembe ya chini ya nyuma, na ndiyo inayolipa tanga amri: likusanywe ndani au liachiwe nje. Ikazwe, lakini isifungwe fundo la kudumu. Dharuba ikija, baharia huiachia demani mara moja, tanga likamwaga upepo, chombo kikasimama. Mzee alituambia kwamba watu waliozama kwa sababu ya fundo ni wengi kuliko waliozama kwa sababu ya mawimbi. Basi izungushe mara mbili juu ya kijiti, na ncha yake uitie mkononi mwa yule mtu uliyemchonga.

5. Kamba za ubavu, ambazo huushikilia mlingoti usianguke. Za upande wa joshi zikazwe. Za upande wa demani zilegezwe, zining'inie kidogo, kwa sababu hazifanyi kazi, na tena zikikazwa zitalichuna tanga. Sisi mara ya kwanza tulizikaza zote kwa kuwa tuliona ndiyo unadhifu.

6. Kamba za ncha za foromali. Ya ncha ya chini huivuta kuelekea omo. Ya ncha ya juu huizuia kutoka nyuma, upande wa joshi.

Nyuzi zote zipitishe katika nta ya nyuki kabla ya kuzifunga. Nta huyalaza manyoya ya uzi, na hata ile kamba iliyolegea hushuka kwa uzito wake, isisimame kama waya.

Mwisho, bendera. Bendera hufuata upepo, haifuati mwendo wa chombo. Katika picha nyingi zilizochorwa na wanafunzi, tanga limejaa na bendera yaelekea nyuma kama ya motokaa. Upepo ule ule unaolisukuma tanga ndio unaoipeperusha bendera. Kwa hiyo bendera yetu yaelekea kulia, na mbele kidogo. Asiyeamini aende ufukoni jioni, atazame moshi wa majiko na matanga ya mitumbwi kwa pamoja.

Jahazi majini

Jahazi likikamilika, wanafunzi hawataki likae mezani. Tulilipeleka ufukoni asubuhi moja tulivu. Upepo ulikuwa mdogo hata haukutikisa majani ya michikichi. Tulilitia majini, likaenda mita mbili, likalala ubavu na kujaa maji. Kosa lilikuwa langu, maana nilidhani kwamba umbo la chombo cha kweli latosha.

Tulirudi darasani tukapiga hesabu. Nguvu ya kukilaza chombo yategemea eneo la tanga na kimo chake. Ukikipunguza chombo mara 25 kila upande, eneo hupungua mara 25 × 25, na kimo mara 25. Yaani nguvu hiyo hupungua mara 15,625. Nguvu ya kukisimamisha yategemea uzito wa chombo, unaopungua mara 15,625, pamoja na umbali ambao uzito huo hufanyia kazi, unaopungua tena mara 25. Jumla yake hupungua mara 390,625. Basi kwa upepo ule ule, jahazi dogo ni dhaifu mara 25 kuliko jahazi kubwa. Kwa kuwa nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo wake, na kipeuo cha pili cha 25 ni 5, upepo wa mita 2 kwa sekunde kwetu ni shwari, lakini kwa jahazi letu ni kama upepo wa mita 10 kwa sekunde.

Dawa yake ni farumi. Jahazi la kweli hutiwa mawe au mchanga chini kabisa likiwa halina shehena. La mfano lahitaji zaidi. Tulikusanya risasi za nyavu kuukuu, tukazilaza juu ya mkuku, tukazifunga zisitembee, kwa kuwa farumi inayotembea ni mbaya kuliko kukosa farumi. Tukaongeza ubao mwembamba wenye risasi chini ya mkuku, unaoweza kutolewa jahazi likirudi mezani. Tanga tulilipaka nta upande wa nyuma, maana wanga huyeyuka likilowa. Mara ya pili jahazi lililala kidogo kuelekea demani, likasimama hapo hapo, na likaenda mpaka kwa mwanafunzi aliyekuwa akilingojea majini.

Maneno ya mwisho

Mwisho wa muhula yule mzee alikuja tena. Tulimwekea kiti, tukaliweka jahazi mbele yake, nasi tukanyamaza kama watu wanaongojea matokeo ya mtihani. Alitazama bendera, akatazama tanga, akaigusa demani kwa ncha ya kidole. Hakuuliza swali lake la kwanza. Alisema tu, "Kusi hii. Wanavuka." Kisha akaanza kuwatajia wanafunzi kamba moja moja, nao wakaandika.

Jahazi hilo sasa liko juu ya kabati la maktaba, na karatasi yenye mshale wa upepo imebandikwa chini yake. Nawaomba wanafunzi wote wenye babu, bibi au jirani aliyepata kusafiri kwa tanga, wamwendee wakati wa likizo wamwulize majina ya kamba na ya pepo, na wayaandike kama walivyoyasikia. Muhula ujao tutayalinganisha. Wazazi nao, mkiwa na vipande vya bafta au risasi za nyavu zisizotumika, tafadhali tuleteeni. Chama hukutana kila Alhamisi, na wasichana na wavulana wote wanakaribishwa.